Jare ya Kwanza

Mwaka 1984 baba yangu, aliyekuwa karani wa serikali, alihamishwa kutoka Lamu kwenda Garissa, nasi jamaa yake tukamfuata. Nilikuwa na umri wa miaka 12, na kwa mawazo yangu ya kitoto tulikuwa tunakwenda nchi ya mbali isiyo na uhusiano wowote na kwetu. Nilikosea. Mto Tana unaopita ubavuni mwa mji wa Garissa ndio ule ule unaomwaga maji yake baharini Kipini, katika pwani yetu. Na mtu aliyevuka daraja la Garissa akafika Madogo alikuwa amekwisha kuingia Mkoa wa Pwani. Mikoa hiyo haipo tena tangu mwaka 2013, zilipoanza serikali za kaunti, lakini mto ungali ukishuka kwenda Kipini.

Mji ulikuwa juu ya nchi tambarare, na jua lake halikuwa na aibu. Korongo wakubwa wenye vichwa vya upara walisimama juu ya miti na mapaa kama wazee wa baraza waliocheleweshewa kahawa yao. Mwaka huo mvua za masika, ambazo Wasomali huziita gu, zilikosekana, na ukame ukaenea sehemu kubwa ya Kenya. Wafugaji waliteremka na wanyama wao kuja mtoni kutoka pande nyingi. Asubuhi, nikienda shule, nilipishana na ng'ombe ambao mbavu zao ziliweza kuhesabiwa, na mbuzi waliokula karatasi kwa sababu majani hayakuwapo.

Shuleni nilikaa dawati moja na mtoto wa mfugaji mmoja wa hao. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mwembamba, mwenye maneno machache, na hesabu alizifanya kichwani upesi kuliko mwalimu alivyozifanya ubaoni. Baada ya masomo alikwenda kuwanywesha mbuzi wa baba yake, nami nilimfuata. Njiani palikuwa na mwarobaini mkubwa. Chini ya mwarobaini huo ndipo nilipojifunza mchezo wa shax, na ndipo nilipotenda jambo ninalotaka kulieleza katika insha hii.

Pale kivulini walikaa wazee kila alasiri. Mkubwa wao alikuwa mtu wa Wajir, aliyeacha kuchunga ngamia kwa sababu ya macho yake. Rafiki yangu alimwita Adeer, maana yake ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Mbele yake mchangani palichorwa miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na katikati ya kila upande mstari uliiunganisha miraba hiyo mitatu. Pembe na viungo vya mistari hiyo, ukivihesabu, ni vituo 24. Kila mchezaji ana kete 12. Mmoja huokota vijiwe. Mwenzake hutafuta vipande vya vijiti, au mavi makavu ya mbuzi, ambayo nayahakikishia majina yangu mema kwamba ni kete nzuri kabisa, hazibingiriki.

Nilipouona ubao huo nilifurahi, maana nilidhani naujua. Nyumbani tulikuwa na kisanduku cha michezo kutoka Mombasa, na nyuma ya ubao wake wa drafti palichapwa miraba mitatu kama ile. Waingereza wana mchezo wa namna hiyo, wa kete tisa tisa, nao ni wa kale hata Shakespeare aliutaja katika A Midsummer Night's Dream. Katika mchezo huo mtu akipanga kete zake tatu katika mstari mmoja huondoa kete moja ya mwenzake papo hapo. Basi siku ya kwanza nilipokaribishwa kucheza na rafiki yangu, niliweka kete, nikaweka nyingine, na kwa kete ya tano nikapata tatu katika mstari. Nikanyosha mkono kuondoa kete yake. Adeer akaushika mkono wangu katikati ya safari.

"Bado," akasema.

Nikamwonyesha kete zangu tatu.

"Naziona. Hiyo ni jare. Ni yako, hakuna atakayekunyang'anya. Lakini bado."

Nilimtazama rafiki yangu, naye akatabasamu kidogo, akaweka kete yake ya sita kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kanuni ya shax, kama tulivyofundishwa chini ya mti ule, ni hii. Wachezaji huweka kete kwa zamu, moja moja, mpaka ubao ujae vituo vyote 24. Wakati huo wa kuweka, hakuna anayeondolewa kete yake, hata mwenzake akipata jare mbili au tatu. Ubao ukijaa ndipo kuondoa kunapoanza, maana bila ya kuondoa hapana pa kusogea. Kila mmoja huondoa kete moja ya mwenzake. Nani aanze? Ni yule aliyepata jare ya kwanza wakati wa kuweka; naye ndiye atakayetangulia pia kusogeza. Ikiwa hakuna aliyepata jare, basi aliyeweka wa pili ndiye atakayeanza kuondoa. Tangu hapo kete husogezwa kwa kufuata mistari mpaka kituo kilicho karibu na kilicho tupu, na sasa kila jare mpya huondoa kete moja papo hapo. Anayebakiwa na kete mbili ameshindwa, kwa kuwa kete mbili haziwezi kufanya jare.

Msomaji atauliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini jare ya mwanzo isilipwe mara moja. Adeer alinijibu kwa habari za visima. Wajir, alisema, ina visima vingi, na wakati wa kiangazi makundi ya wanyama hufika kutoka kila upande. Aliyefika kwanza hamfukuzi aliyefika wa pili. Wote hukaa, wote husubiri. Lakini maji yanapoanza kutekwa, kila mtu anajua nani alitangulia kufika, na wanyama wake ndio wanaotangulia kunywa. "Jare yako," akasema, "ni ngamia wako amesimama kisimani. Hajanywa. Lakini amefika."

Maelezo hayo yalinitosha wakati ule. Baadaye niliona kwamba kanuni hiyo ina uzito kuliko nilivyodhani. Faida ya kuanza si ndogo. Anayeanza kuondoa huchagua kete ambayo ikitoka itamfungulia njia ya jare. Mwenzake huondoa moja katika kulipiza. Kisha yule wa kwanza husogea kabla ya mwenzake. Mchezaji hodari anaweza kufika mapema mahali ambapo Wasomali huita irmaan, neno linalotajwa juu ya mnyama anayetoa maziwa: kete moja inakwenda na kurudi baina ya mistari miwili, na kila ikienda ni jare, na kila ikirudi ni jare. Mwenye irmaan hukamua mpaka mwenzake amalizike.

Ipo kanuni nyingine iliyonishangaza zaidi. Ikiwa mmoja amezibwa, hana kete inayoweza kusogea, hahesabiwi kuwa ameshindwa. Mwenzake hupaswa kusogea tena ili amfungulie njia. Na kama katika kumfungulia amepata jare, jare hiyo haiondoi kitu. Nilimwambia baba kanuni hiyo, akaicheka kwa furaha. Yeye alikuwa mchezaji wa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, na huko pia kuna nyakati mbili: kwanza kunamua, ambapo kila mmoja ana kete 22 mkononi na huziingiza moja moja, kisha mtaji, ambapo mkono ni mtupu na kete zote zimo baoni. Alisema mtu asiyejua wakati uliopo, kama ni wa namua au ni wa mtaji, anaweza kujua kanuni zote za bao na asijue kucheza bao.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe.

Adeer alikuwa na desturi. Ubao ulipojaa, kabla mtu hajagusa kete, aliwataka wachezaji wasimulie mfuatano: nani aliweka wapi, na nani baada yake. Wavulana wengi walikwama kwenye kete ya nne. Rafiki yangu aliweza kusimulia zote 24. "Ubao unaonyesha kete ziliko," mzee alikuwa akisema. "Hauonyeshi zilifikaje." Na kweli, ubao uliojaa wa shax ni kitu cha ajabu. Jare zote ziko wazi, zako na za mwenzako, hata mpita njia anaweza kuzihesabu. Lakini ipi ilitangulia, hilo mchanga haulijui. Linakaa ndani ya vichwa vya watu wawili tu, na hao ndio wenye kushindana.

Siku moja mwezi wa nane Adeer alitangaza kwamba mvulana atakayewashinda wenzake wote atakaa mbele yake kesho yake, acheze naye mbele ya wazee. Jambo hilo halikuwa dogo. Wazee hao hawakuwa wakicheza na watoto, na mimi, mtoto wa mgeni, mtu wa pwani ambaye Kisomali changu kiliwachekesha wenyeji, nililitamani kuliko zawadi yoyote. Tulicheza siku nzima, ilikuwa Jumamosi. Jioni tulibaki wawili, rafiki yangu na mimi.

Jua lilikuwa limeshuka. Wazee waliinuka kwenda kutia udhu, maana Magharibi ilikaribia, wakatuachia mti. Mbuzi wa rafiki yangu walikuwa mtoni pamoja na mdogo wake, mtoto wa miaka saba. Tukaanza kuweka. Yeye alitangulia. Kwa kete yake ya saba alipata jare katika mraba wa ndani. Niliiona, nikakasirika kimoyomoyo kwa kuwa ningeweza kuizuia. Mimi nilipata yangu kwa kete ya nane, upande wa nje. Tuliendelea mpaka mimi, niliyekuwa wa pili, nikaweka kete ya mwisho na ubao ukajaa.

Hapakuwa na mtu wa kutuuliza mfuatano. Rafiki yangu alikuwa amegeuza uso kutazama upande wa mto. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Jare yangu ilitangulia."

Aligeuka. Alinitazama mimi, kisha akautazama ubao, muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana. Nilikuwa na maneno tayari, na nadhani nilikuwa nimekwisha kuanza kuyaamini.

"Basi toa," akasema.

Nikatoa kete yake iliyokuwa ikinizuia. Akatoa moja yangu. Nikasogea kwanza, kwa mwendo wa tatu nikapata jare, na haukupita muda nikawa na irmaan. Hakusema neno. Aliposaliwa na kete mbili aliinuka, akakung'uta mchanga nguoni, akashika njia ya mtoni mbio.

Kesho yake nilikaa mbele ya Adeer, naye alinishinda upesi kama mtu anayefukuza nzi. Alipokuwa akikusanya vijiwe vyake aliniuliza, bila ya kuniangalia, "Jana nani alikuwa na jare ya kwanza?"

"Mimi," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Wiki hiyo hiyo jamaa ya rafiki yangu waliondoka Garissa kutafuta malisho, na dawati letu likawa langu peke yangu. Mwaka uliofuata baba alihamishwa tena.

Niliishi na jambo hili miaka mingi bila ya kulifikiri sana. Mtu hufanya makosa makubwa kuliko hayo. Lililonirudisha chini ya mwarobaini lilikuwa mchezo mwingine kabisa, wa karata, ambao mpwa wangu alikuja nao Mombasa kutoka London miaka miwili iliyopita, wakati wa likizo yake.

Karata hizo si za kopa na jembe. Zina picha za majoka, wachawi, misitu na mashetani wa kila namna, na mchezo wenyewe huitwa Magic: The Gathering. Ulitolewa Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni, Richard Garfield, ni mtu wa elimu ya hisabati. Kila mchezaji huja na karata zake mwenyewe, zisizopungua 60, alizozinunua na kuzibadilishana na wenzake, na huanza na uhai 20. Mpwa wangu, kijana wa miaka 15 mwenye subira kuliko umri wake, alinifundisha siku tatu. Majina ya majoka niliyashika bila ya taabu. Kilichonishinda ni wakati.

Tuchukue mfano alionipa. Yeye ana dubu mwenye nguvu 2 na ustahimilivu wa 2. Mimi nina karata ya radi, inayopiga kwa nguvu 3. Nikaitupa radi juu ya dubu, nikanyosha mkono kumwondoa dubu mezani. Akaushika mkono wangu.

"Bado, mjomba," akasema. "Hujaniuliza kama nina jibu."

Nakiri kwamba nilishtuka. Mkono ulioshikwa ulikuwa wa mtu wa miaka zaidi ya hamsini, lakini neno lilikuwa lile lile.

Akanieleza. Karata ya namna hiyo ikitupwa haitendi kazi papo hapo. Huwekwa katika rundo, ikasubiri. Mwenzako hupewa nafasi ya kujibu. Jibu lake huwekwa juu ya karata yako. Nawe unaweza kujibu jibu lake, na hilo likakaa juu zaidi. Wote wawili wakikataa kuongeza, karata iliyo juu kabisa hutenda kazi kwanza, kisha wachezaji hupewa nafasi tena, kisha inayofuata chini yake, mpaka rundo liishe. Aliyesema mwisho husikilizwa mwanzo. Yeye basi alijibu radi yangu kwa karata inayomwongezea dubu 3 na 3 kwa zamu hiyo. Nyongeza ilikuwa juu ya rundo, ikatenda kwanza. Dubu akawa wa 5 na 5. Ndipo radi yangu ikashuka, ikampiga kwa 3, naye akabaki hai.

"Sasa tugeuze," akasema. Safari hii yeye ndiye aliyeitupa nyongeza kwanza, nami nikajibu kwa radi. Radi ilikuwa juu. Ilimkuta dubu angali na ustahimilivu wa 2, ikamwua, na nyongeza ilipofika zamu yake haikumkuta wa kumwongezea. Karata ni zile zile mbili, dubu ni yule yule. Mfuatano tu ndio uliogeuka, na mmoja kafa na mmoja hakufa.

Si karata zote zinazoruhusiwa kujibu. Nyingine hutupwa tu katika zamu yako mwenyewe, katika sehemu yake maalumu, na pasipo kitu katika rundo. Mpwa wangu aliniambia kwamba kanuni hii ya rundo haikuwako tangu mwanzo; ililetwa mwaka 1999, na kabla yake palikuwa na aina nyingi za mwendo, karata hizi zikiwa na haki ya kukatiza zile, hata watu wakavurugana. Walipobadili walifanya jambo moja la maana: walichukua mfuatano, ambao hauonekani, wakaupa mahali pa kukaa, juu na chini. Ukisahau nani alitangulia unatazama rundo, maana liko mezani mbele yako.

Nilimsimulia habari za shax. Nilimchorea miraba mitatu nyuma ya karatasi, naye akazifahamu kanuni kwa dakika kumi, akapenda hasa ile ya jare inayosubiri. Kisha, sijui kwa nini, nikamsimulia habari za Jumamosi ile. Sikupata kumwambia mtu mwingine, hata mke wangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akichanganya karata zake. "Mlihitaji rundo," akasema kwanza. Baadaye akafikiri. "Lakini mjomba, huyo rafiki yako alikumbuka kete zote 24. Hakuweza kusahau jare yake mwenyewe. Alikuwa na jibu mkononi, akaamua kutolitupa."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Hilo halimo katika kanuni," akasema mpwa wangu.

Mwaka 2024 nilipata safari ya kwenda Garissa, baada ya yale mafuriko ya Aprili na Mei yaliyoikata barabara upande wa Madogo na kuwalazimisha watu kuvuka kwa mashua. Maji yalikuwa yamepungua nilipofika. Mji umekua mara nyingi kuliko nilivyouacha. Lakini korongo wako, na miarobaini iko kila mtaa. Kwa msaada wa mtu niliyesoma naye nilimpata rafiki yangu. Ana shamba la miembe karibu na mto, ambalo maji yaliliingia, na ndevu zake zimekuwa nyekundu kwa hina. Tulishikana mikono muda mrefu. Aliniuliza habari za mama yangu, aliyekuwa akimpa mkate wa kumimina kila alipokuja kwetu, na nilipomwambia amefariki akamwombea dua palepale, amesimama.

Mti wetu haupo. Tulikaa chini ya mwembe wake, juu ya matope yaliyokauka na kupasuka, na kabla chai haijaletwa alikuwa amekwisha kuchora miraba kwa kijiti. Yeye vijiti, mimi vijiwe. Alipata jare kwa kete ya sita. Mimi nilipata yangu kwa ya tisa. Mambo hayo niliyaangalia kwa makini, kama karani. Kete ya mwisho ilipowekwa, hakuinyosha mikono yake.

"Nani ametangulia?" akauliza.

"Wewe," nikasema. "Na siku ile pia ulitangulia wewe."

"Siku ipi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kuanza mwisho na kurudi mwanzo, nikasahau kumtaja Adeer, nikamrudia. Alinywa chai yake. Nilipomaliza alicheka, si kwa sauti.

"Nilijua wakati ule ule," akasema. "Lakini mbuzi walikuwa mtoni na mdogo wangu, na jua lilikuwa linazama. Ulitaka tubishane mpaka fisi waje?"

Akakiweka kikombe chini. Akatazama upande wa mto, kama alivyotazama siku ile, ingawa sasa hapakuwa na mbuzi.

"Walikufa wote kabla mwaka haujaisha," akasema. "Hakusalia hata mmoja."

Kisha akauinamia ubao, akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Akainua kijiwe changu cha kiungo cha kati, ambacho ndicho ningekichagua kama ningekuwa yeye, akakiweka kando ya goti lake.

"Haya," akasema. "Nawe toa."